Kijana Bado Yuko kwa Nguruwe

Jumapili iliyopita tulikatwa tena. Tulikuwa tumeshasimama, sauti ya kwanza na ya pili mbele, wanaume nyuma yao, mpiga kinanda ameshaanza utangulizi, mara mzee wa zamu huyo, anapita pembezoni mwa ukuta kwa ule mwendo wa mtu anayetaka kukimbia lakini anakumbuka yuko kanisani. Akamnong'oneza mwalimu. Hatukusikia alichosema, wala hatukuhitaji kusikia. Mwalimu alitugeukia, akainua vidole viwili usawa wa kifua ili washarika wasivione.

Beti mbili.

Wimbo wenyewe una beti nne. Mwalimu wetu aliutunga kutoka Luka 15, habari ya mwana mpotevu. Ubeti wa kwanza kijana anadai urithi wake, anaondoka. Ubeti wa pili fedha zimekwisha, njaa imeingia, analisha nguruwe na kuyatamani maganda yao. Ubeti wa tatu anarudi nyumbani, baba anamwona angali mbali, anamkimbilia. Ubeti wa nne ni karamu: pete, viatu, ndama aliyenona, na sauti ya kwanza wanapanda hadi noti ambayo waliisotea wiki nzima. Tumeufanyia mazoezi wiki tano. Tumeuimba mara tatu: ibada ya kwanza, ibada ya pili, na siku walipokuja wageni wa jimbo. Mara zote tatu tumekatwa pale pale, mwisho wa ubeti wa pili, tukarudi kukaa. Kwa hiyo, kwa kadiri usharika wetu unavyojua, mpaka leo yule kijana yuko kwa nguruwe.

Sisi ni wanakwaya wa kawaida wa Dar es Salaam. Kati yetu yumo mshona viatu, yumo karani, wamo mama ntilie wawili, yumo kijana wa bodaboda, yumo mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, wapo wanafunzi, na yupo baba mmoja wa besi ambaye kazi yake hata sisi hatuijui vizuri ila nauli ya kuja mazoezini hajawahi kukosa. Hatulipwi, na hatudai kulipwa. Tunachonung'unikia ni kimoja, na wenzetu wa kwaya za makanisa mengine tukikutana nao misibani wanakinung'unikia vilevile: tuachwe tufike mwisho wa wimbo. Wakatoliki wanasema wao hukatwa wakati wa matoleo. Padre akishanawa mikono, wimbo umekwisha, uwe umekwisha au haujaisha.

Huenda mtu akauliza, ubeti mmoja una uzito gani? Basi tueleze ubeti unavyopatikana, maana aliyekaa kwenye benchi huuona ukiwa umeshaiva.

Jumanne mazoezi ni saa kumi na moja na nusu. Anayefika saa kumi na moja na nusu atamkuta mlinzi. Saa kumi na mbili kasorobo tunakuwa saba, wote wanawake. Saa kumi na mbili na robo besi wa kwanza anaingia, na pale anapigiwa vigelegele kama bwana harusi, kwa kuwa bila yeye hatuna pa kusimamia. Foleni za jioni tunazijua, hatumlaumu mtu. Ila katibu ana daftari la mahudhurio na faini ya kuchelewa, na faini hiyo kila mtu anailipa huku akieleza daladala lake lilivyokwama.

Mwalimu anaandika ubaoni. Hatusomi nota za mistari mitano, tunasoma solfa: d, r, m, f, s, l, t, zimepangwa kwa nukta na vistari, safu nne, kila sauti na safu yake. Njia hii ilianzia kwa mwalimu mmoja wa Uingereza, Sarah Glover, na katika karne ya 19 mchungaji John Curwen akaiboresha na kuieneza, akitafuta namna rahisi ya kuwafundisha kuimba watoto wa shule za Jumapili na watu wasio na ala wala fedha za kununulia ala. Wamisionari wakaibeba hadi kwetu. Tunampenda Curwen bila kumjua, kwa sababu mama anayekaanga maandazi alfajiri anaweza kuishika safu yake kichwani bila kinanda. Do iko wapi? Mwalimu anaipiga mara moja, tunaishika, tunakwenda.

Kisha inakuja kazi ya kufundishwa sauti moja moja, na wengine wanasubiri. Sauti ya kwanza huimaliza yao haraka, wana bahati, ndio wenye tuni. Besi wanapewa yao: so, so, so, so, do. Mwalimu hurekodi kila sauti peke yake na kuturushia kwenye kundi la simu ili tujifunze njiani. Mwenzetu wa besi alikuwa kwenye daladala na kipaza sauti cha simu kikiwa wazi, akisikiliza safu yake kwa makini, so, so, so, so, do, tangu Mbezi. Walipofika Ubungo abiria aliyekaa naye akamwambia kwa upole, "Kaka, hiyo simu imeharibika, ipeleke kwa fundi." Tulicheka wiki nzima. Lakini ndiyo besi hiyo. Ukiisikia peke yake utadhani ni mtu anagonga mlango. Ikikaa chini ya zile nyingine tatu, kanisa zima linapata msingi.

Na alto! Watu hawajui alto wanachopitia. Safu yao haina tuni ya kukumbuka, ni so na fa na so tena, kisha mi moja inayotokea bila kubisha hodi. Kulia kwao wako sauti ya kwanza wanavuta juu, nyuma yao teno wanavuta chini, nao wanatakiwa wabaki katikati kama mtu aliyesimama kwenye mwendokasi bila pa kushika. Mama mmoja wa alto huweka kidole sikioni tangu ubeti wa kwanza mpaka wa mwisho. Waumini wamemwonea huruma, wakampelekea dawa ya masikio. Masikio yake ni mazima kabisa. Anailinda fa yake.

Wiki ya tatu ndipo sauti zinaunganishwa. Hapo mazoezi yanageuka uwanja wa vurugu, teno wanaingia mapema, sauti ya kwanza wanasimama kuwasikiliza, mwalimu anapiga meza, "Tuanze tena." Tunaanza tena. Tunaanza mara kumi na moja. Mara ya kumi na mbili inatokea, hatujui imetoka wapi, sauti nne zinakaa mahali pake na paa la bati linaanza kuvuma. Mwalimu haonyeshi ishara ya kutukatisha, anatuacha. Tukimaliza hakuna anayesema kitu kwa muda, mpaka kijana wa bodaboda anasema, "Jamani," basi. Ni kwa ajili ya hiyo "jamani" watu wazima wanaacha chakula jikoni mara tatu kwa wiki.

Sasa, katika wimbo wetu huu, hilo lilitokea kwenye ubeti wa tatu. Ubeti wa kwanza na wa pili ni njia tu ya kufikia pale. Mwalimu ameuandika hivi: besi wanaanza peke yao, chini kabisa, kwenye ile s yenye kijistari chini yake, hatua za kijana anayerudi kichwa kikiwa kimeinama. Wengine wote kimya. Kisha kutoka juu sauti ya kwanza wanaingia kabla besi hawajamaliza sentensi yao, kwa sababu baba hakungoja mwana afike wala amalize maneno aliyoyatunga njiani. Alimkimbilia. Sauti zinakutana katikati, na hapo ndipo alto wanapata, kwa mara ya kwanza katika wimbo mzima, tuni. Mama yule wa kidole sikioni akifika hapo huutoa.

Huo ndio ubeti ambao usharika haujausikia.

Tunajua sababu za kukatwa, na hatuwezi kusema ni za uongo. Ibada ya kwanza inaanza saa moja, ya pili saa nne, na katikati magari yatoke na mengine yaingie. Kuna matangazo: ndoa zinazotangazwa mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, mchango wa ujenzi umefikia wapi, nani ameitwa ofisini, wageni wasimame tuwatambue, mwenye gari jeupe lililoziba njia aliondoe. Yote yanahitajika. Lakini mwenye gari jeupe hutangazwa mara mbili, tena kwa ukamilifu, rangi na namba. Mtoa matangazo hajawahi kuonyeshwa vidole viwili.

Hatuugombi mnada wa sadaka baada ya ibada pia, ingawa jogoo wa mwezi uliopita alituuma moyo. Alianzia shilingi elfu kumi, akafika elfu thelathini na tano, aliyemnunua akamrudisha kama zawadi kwa mchungaji, mchungaji akamtoa anadiwe upya kwa ajili ya ujenzi, akapanda tena hadi elfu arobaini. Watu walisimama juani wakishangilia kila hatua. Hakuna aliyesema jogoo anadiwe nusu.

Kinachotutatiza ni kwamba muda ukikosekana sisi tunakatwa, na muda ukizidi sisi tunanyooshwa. Bibi harusi akichelewa saa nzima, tunaambiwa, "Kwaya, endeleeni." Tunaimba beti zote, tunarudia viitikio, tunaingia kwenye pambio, tunamaliza pambio tunazozijua na kuanza tulizozisikia kwa jirani, huku bwana harusi amesimama mbele anafuta jasho na sisi tunamwimbia kwa huruma kabisa. Makaburini ndiyo usiseme. Saa tisa alasiri, jua la Dar es Salaam, majembe yanafanya kazi, na mila yetu ni kwamba kwaya hainyamazi mpaka udongo ujae, tuta litengenezwe na mashada yawekwe. Beti zikiisha tunazianza upya. Hapo hatulalamiki kamwe, mfiwa akikushika mkono jioni na kusema, "Asanteni, mlinibeba," unajua ulifanya kazi gani. Lakini inatuuma kwamba mtu wa kanisani kwetu anaweza kuhudhuria Jumapili miaka ishirini akisikia beti mbili mbili, na siku atakayoimbiwa wimbo mzima asiusikie. Tumefanywa kama pindo la gauni: mtoto akirefuka linafunguliwa, gauni likizidi linakunjwa.

Tena sisi ni Walutheri, na Luther mwenyewe alikuwa mtunzi. Kitabu cha kwanza kabisa cha nyimbo za Kilutheri kilitoka mwaka 1524, kijitabu chembamba chenye nyimbo nane tu, nne kati yake zake. Wimbo unaokifungua una beti kumi, na ni masimulizi ya hatua kwa hatua. Ubeti wa kwanza unawaita Wakristo wafurahi. Wa pili, mwimbaji anasimulia kwamba alikuwa mfungwa wa shetani. Wa tatu, matendo yake mema hayakumfaa kitu. Mungu anaanza kumhurumia kwenye ubeti wa nne. Mwalimu alitueleza hayo kwenye semina ya Sikukuu ya Matengenezo, akatuuliza, "Mngeukata baada ya beti mbili, yule mtu mngekuwa mmemwacha wapi?" Tulinyamaza, kisha teno mmoja akajibu, "Kwa shetani, Mwalimu." Ndiyo maana hatuoni kuwa tunadai anasa. Watunzi hawa waliweka wokovu mwishoni kwa sababu ndipo unapokuja.

Na wimbo wa taifa je? Tuni yake ilitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni na kiongozi wa kwaya kule Afrika Kusini, mtu wa solfa kama sisi. Alifariki mwaka 1905, na Desemba 1961 tuni yake ikapigwa bendera ya Tanganyika ikipandishwa. Mtu wa kwaya alifanya hivyo. Beti zetu mbili za Kiswahili, mmoja wa Afrika na mmoja wa Tanzania, zinaimbwa zote mbili, na mtu hathubutu kukaa kabla ya neno la mwisho.

Sasa tuseme na la kwetu, maana mnung'unikaji asiyejitazama hasikilizwi. Usharika wetu una kwaya tano: kwaya kuu, uinjilisti, vijana, wanawake, na matarumbeta. Kila kwaya inataka kuimba kila Jumapili. Ukiiambia kwaya moja ipumzike wiki hii, viongozi wake wanakwenda kwa mchungaji kuuliza wamekosa nini. Kwaya tano, dakika zile zile, lazima wote wapewe vipande. Sisi tumekaa, tukazungumza, na tunasema tuko tayari kuanza: kwaya mbili kila Jumapili, ziimbe wimbo mzima, nyingine zikae na washarika, ziimbe nyimbo za kitabuni pamoja nao, zamu yao itafika. Baba wa besi alipinga kwanza. Alisema, "Nimeshona sare ya laki nikae nayo benchini?" Ana hoja. Sare hii ni ya tatu katika miaka miwili, kitenge kilitafutwa Kariakoo maduka tisa mpaka kikapatikana cha kututosha wote, na wale waliojiunga baadaye wamekikosa, wamevaa kinachofanana ukiwa mbali. Tukamwambia sare inaonekana hata benchini. Akafikiri, akauliza, "Na siku ya zamu yetu tutafika ubeti wa tatu?" Tukasema ndiyo maana yake. Akakubali.

Kitu kingine, kidogo. Mkiona umeme umekatika katikati ya wimbo na kinanda kimenyamaza, msitupigie makofi ya kutufariji, mnatupotezea do. Tunaendelea wenyewe, tunaweza. Tatizo letu huja umeme ukirudi. Bila kinanda, taratibu, bila kukusudia, sauti hushuka. Mwezi wa nne, kwenye wimbo mwingine, umeme ulirudi tukiwa kwenye kiitikio na tulikuwa tumeteremka nusu sauti nzima. Kinanda kikaingia juu yetu kama mtu aliyekosea nyumba. Mpiga kinanda wetu, kijana wa miaka kumi na tisa, hakubabaika. Aliinua mikono, akasikiliza kwa sekunde mbili tatu, akabonyeza kitufe cha kuteremsha, akaingia pale pale tulipokuwa. Mwalimu alimtazama kwa furaha ambayo hatujawahi kuipata sisi. Siku hiyo pia tulikuwa tumepewa beti mbili, lakini mzee wa zamu alikuwa nje anashughulika na jenereta, tukaimba tatu. Tunaungama.

Barua ya ombi letu tumeshaiandika na katibu ameifikisha kwa baraza la wazee. Tumeandika kwa heshima, ukurasa mmoja. Tumeomba dakika nne zaidi kwa mwezi wa kwanza, kama majaribio.

Alhamisi tulikuwa mazoezini kama kawaida. Mwalimu alisema tusifanye jambo jipya, tuuimbe tu ule wetu, wote, tusiusahau. Kanisa lilikuwa tupu isipokuwa mama anayefanya usafi, alikuwa anafagia kati ya mabenchi kuelekea mlangoni. Tukaimba ubeti wa kwanza, akafagia. Tukaimba wa pili, akafagia. Tulipomaliza wa pili akauegemeza ufagio ukutani na kuanza kukunja kanga kiunoni aondoke, maana Jumapili zote tatu alikuwepo na anajua wimbo unaishia hapo. Besi wakaanza chini, peke yao. Mama akageuka. Alisimama pale katikati ya njia mpaka sauti ya kwanza walipoingia, mpaka alto walipoipata tuni yao, akakaa kwenye benchi la nyuma bila kuitwa, na karamu yote akaisikiliza amekaa.

Tulipomaliza aliuliza kutoka kule kule nyuma, "Kumbe alirudi?"

"Alirudi, mama," mwalimu akamjibu.

"Aa," akasema, akachukua ufagio wake. "Mimi nilikuwa nasikitika."